KIVOI WA MWENDWA, MCHUUZI ALIYEJUA NJIA

Ndugu msomaji, tukiulizwa watu mashuhuri wa zamani, wengi wetu hutaja wafalme na majemadari. Mimi nimeonelea nikusimulie maisha ya mtu aliyepata jina kwa kutembeza bidhaa. Huyu ni Kivoi wa Mwendwa, Mkamba wa Kitui, mfanyabiashara mkubwa wa misafara katika nusu ya kwanza ya karne ya 19.

Siku hizo hakukuwa na reli wala lori. Wakamba walitafuta pembe za ndovu huko bara, mpaka ng'ambo ya Mto Tana, wakazibeba kwa miguu hadi Mombasa. Nyingine walizipata kwa mishale yao ya sumu, maana walikuwa wawindaji hodari. Pwani walipewa nguo, shanga na nyaya za shaba. Wakifika bara, vitu hivyo vilinunua pembe nyingine, na safari ikaanza upya.

Usidhani ilikuwa kazi rahisi. Kutoka Kitui hadi Mombasa si chini ya kilomita 350, tena unavuka nyika ya Taru ambako maji ni taabu tupu. Kwa sababu hiyo watu walisafiri kwa mamia, pinde mkononi. Kiongozi wa msafara alipaswa kujua visima viko wapi, nani ni rafiki na nani ni adui, na nguo kiasi gani yatosha kwa pembe moja. Akikosea bei, alipata hasara. Akikosea njia, watu walikufa. Kivoi alikuwa kiongozi wa namna hiyo.

Mwezi wa Novemba 1849 alipata mgeni nyumbani kwake. Alikuwa Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani kutoka Rabai, yule ambaye sisi wanachama tunamjua kwa kamusi yake ya Kiswahili iliyochapishwa mwaka 1882. Kivoi alimwambia kwamba upande wa kaskazini kuna mlima mkubwa wenye kitu cheupe kileleni. Hakuusoma popote. Aliujua kwa sababu ya biashara yake. Tarehe 3 Desemba 1849 mawingu yalifunguka, na Krapf akauona kwa macho yake kutoka Kitui.

Huko Uingereza wataalamu wengine walikataa katakata. Theluji karibu na ikweta? Wapi! Kumbe mchuuzi wa Kitui alikuwa na habari iliyowashinda wao na vitabu vyao. Joseph Thomson alipouona mlima huo mwaka 1883, ubishi ulikwisha. Wakamba waliuita Kiinyaa, na ndipo nchi yetu ikapata jina la Kenya.

Sasa nifike kwenye huzuni. Mwaka 1851 Krapf alirudi Ukambani, na mwezi wa Agosti akafuatana na Kivoi kwenda Mto Tana. Walipokaribia mto, wanyang'anyi waliwavamia. Kivoi aliuawa pale pale pamoja na baadhi ya watu wake. Krapf alitoroka peke yake porini. Kiu ilipomzidi, aliufikia mto, akateka maji katika mitutu ya bunduki na kifuko cha darubini ili apate ya njiani. Aliporudi, jamaa za Kivoi walimlaumu, kwa nini yeye yu hai na rafiki yake amekufa.

Mimi nimelifikiria sana jambo hili. Kivoi hakuwa malaika. Pembe zake zilimaliza ndovu, na soko la pwani wakati huo liliuza pembe na binadamu pia. Lakini najiuliza, mchuuzi anauza nini hasa? Nguo na shanga mtu yeyote angeweza kubeba. Mali ya Kivoi ilikuwa kujua njia na kuaminiwa na watu wa pande zote mbili. Pale mtoni hapakuwa na mtu wa kumwamini, na mali yote haikumfaa kitu.

Mamangu huuza mitumba katika masoko ya siku, leo hapa, kesho kule. Karo yangu inatoka katika furushi hilo. Humu shuleni kuna wanaowacheka watoto wa wachuuzi. Jamani, tuache! Mchuuzi hulala macho akihesabu nauli, hujua mvua imenyesha wapi, bei imepanda wapi, na mteja gani atalipa mwisho wa mwezi. Hiyo ni elimu, ingawa haina cheti.

Wahenga walisema mtembezi hula miguu yake. Kivoi alikula miguu yake, na mwishowe ikamgharimu maisha. Basi kila tunapoandika jina la nchi yetu juu ya karatasi ya mtihani, tukumbuke kwamba lilipita mdomoni mwa mchuuzi kabla halijafika kwenye ramani.