Kivoi wa Mwendwa na Kipimo cha Njia

Msafiri atokaye Ndithini, huko Masinga, kwenda Mombasa, leo hupiga hesabu ya saa tu. Akishafika Nairobi, ndege humfikisha pwani kwa muda usiozidi saa moja, na gari moshi la reli iliyofunguliwa mwaka wa 2017 humchukua takriban saa tano au sita. Ni rahisi basi kusahau kwamba masafa hayo yaliwahi kupimwa kwa siku za kutembea na kwa mahali pa kupata maji. Miongoni mwa waliokijua vyema kipimo hicho alikuwa Kivoi wa Mwendwa.

Kivoi alikuwa Mkamba wa Kitui, mfanyabiashara mashuhuri wa nusu ya kwanza ya karne ya 19. Misafara ya Wakamba, yenye watu 200 hata 300, ilichukua pembe za ndovu hadi pwani na kurejea na nguo, shanga na nyaya za shaba. Njia ilipita katika nyika kame ya Taru, na asiyejua palipo na maji hakufika. Ujuzi huo haukuandikwa popote. Ulikaa vichwani mwa watu.

Mnamo Novemba 1849 Johann Ludwig Krapf, mmishenari Mjerumani na mtaalamu wa lugha, aliondoka Rabai kuelekea Ukambani. Tarehe 3 Desemba, akiwa Kitui, aliuona mlima wenye theluji, na vitabu vya shule vikamwita mvumbuzi wake. Hata hivyo, Kivoi, mwenyeji wake, ndiye aliyekuwa amemsimulia habari za mlima huo. Jina aliloandika Krapf nalo, kwa maelezo yanayokubaliwa na wengi, lilitoka katika matamshi ya Kikamba, na ndilo leo jina la nchi yetu.

Mwaka wa 1851 wawili hao walifunga safari kuelekea Mto Tana. Kivoi alitafuta pembe. Krapf alitaka kuujua mto. Mwezi wa Agosti, wakiwa karibu na Tana, walishambuliwa na wanyang'anyi. Kivoi aliuawa. Krapf alinusurika, akatangatanga peke yake kwa njaa na kiu, akibeba maji katika mitutu ya bunduki. Jamaa za Kivoi walimlaumu kwa kurudi hai ilhali mwenyeji wake amekufa. Hatimaye alifika Rabai. Alifariki mwaka wa 1881, na kamusi yake ya Kiswahili ikachapishwa mwaka uliofuata.

Msomaji mpendwa, Krapf anastahili heshima yake. Sisi wanaisimu tungali tukila matunda ya kazi yake. Lakini haki haitimii tukimkumbuka aliyeongozwa na kumsahau aliyeongoza. Mwendo wa saa moja angani hautufundishi lolote kuhusu nchi iliyo chini yetu. Kivoi aliijua kwa nyayo zake, na deni la ujuzi huo alililipa kwa uhai wake.