Jaji Waring na kesi iliyoanzia kwenye basi la shule

Msikilizaji, mwaka 1954 Mahakama ya Juu ya Marekani ilipiga marufuku kutenganisha wanafunzi wa shule za serikali kwa rangi. Leo tunakuletea jaji aliyesema hivyo miaka 3 kabla, akiwa peke yake.

Julius Waties Waring alizaliwa mwaka 1880 Charleston, jimbo la South Carolina, katika ukoo uliowahi kumiliki watumwa. Akawa mwanasheria wa jiji, na mwaka 1942 Rais Franklin Roosevelt akamteua jaji wa shirikisho. Alikuwa na miaka 61. Umri huo wengi husubiri pensheni tu.

Kwa maoni yetu, kilichomgeuza ni kesi ya mwaka 1946. Isaac Woodard, askari mweusi aliyekuwa anarudi nyumbani kutoka jeshini, bado amevaa sare, alipigwa na mkuu wa polisi wa mji mdogo wa Batesburg hadi akapofuka macho yote mawili. Raia waliochaguliwa kuamua kesi, Wazungu watupu, walimwachia huru mkuu huyo kwa muda usiofika nusu saa. Mke wa jaji, Elizabeth, alitoka mahakamani akilia.

Mwaka uliofuata Waring aliamuru watu weusi waruhusiwe katika kura ya mchujo ya chama cha Democratic. Enzi hizo, aliyeshinda mchujo huo ndiye aliyeshinda uchaguzi.

Kisha likaja suala la basi. Huko Clarendon, wilaya ya wakulima, watoto wa Kizungu walipanda mabasi ya shule na weusi walitembea maili kwa maili. Wazazi waliomba basi moja tu, wakanyimwa. Walipozidi kudai, Harry Briggs alipoteza kazi kwenye kituo cha mafuta, na mkewe Eliza naye akaachishwa kazi. Wakili wao, Thurgood Marshall, alifika akidai shule zilingane. Waring akamshauri adai zaidi: utenganishaji wenyewe ufutwe. Kesi ikasikilizwa na majaji 3 mwaka 1951. Wawili wakakataa. Waring akaandika kwamba kutenganisha kwenyewe ndiko kukosa usawa.

Alikuwa ameshalipia msimamo wake. Msalaba ulichomwa moto uani kwake, nyumba ikarushiwa mawe, marafiki wa utotoni wakaacha kumsalimu. Mwaka 1952 alistaafu akahamia New York. Alifariki mwaka 1968, akarudishwa Charleston kuzikwa, na waliomsindikiza karibu wote walikuwa weusi.

Mwaka 2015 seneta mstaafu Ernest Hollings, ambaye jina lake lilikuwa kwenye jengo la mahakama la Charleston, aliomba liondolewe na liwekwe la Waring. Likawekwa.