Niels Finsen: Mgonjwa Aliyeugeuza Mwanga Kuwa Dawa

Methali ya mganga hajigangi ni nadra kumwafiki tabibu kama inavyomwafiki Niels Ryberg Finsen. Daktari huyu wa Denmark aliwaponya mamia ya watu walioharibiwa nyuso na maradhi, akatunukiwa Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka wa 1903, na mwaka uliofuata akafa kwa ugonjwa uliokuwa umemwandama tangu ujana wake. Hata hivyo, kila anapotibiwa ngozi kwa mwanga mgonjwa wa leo, kazi ya Finsen inaendelea.

Finsen alizaliwa tarehe 15 Desemba 1860 mjini Tórshavn, katika Visiwa vya Faroe vilivyo chini ya Denmark. Baba yake, Hannes Finsen, alikuwa afisa wa serikali mwenye asili ya Iceland. Mama yake alifariki Niels akiwa angali mtoto mdogo. Alipelekwa katika shule ya bweni nchini Denmark, ambako alionekana kuwa kijana mwenye moyo mwema lakini mzito wa masomo. Akahamishiwa Reykjavík, Iceland, akamaliza masomo ya sekondari mwaka wa 1882. Kisha alijiunga na Chuo Kikuu cha Copenhagen kusomea udaktari, akahitimu mwaka wa 1890 na kuajiriwa huko kufundisha anatomia.

Alipokuwa angali mwanafunzi, afya yake ilianza kuzorota. Tando zinazofunika moyo na ini zilikuwa zikinenepa na kukakamaa polepole, damu ikapita kwa shida na maji yakamjaa tumboni. Aidha, alikuwa na upungufu wa damu na uchovu usiokwisha. Chumba alichoishi kilielekea kaskazini, na jua halikukifikia. Finsen alitambua kwamba kila alipopata kuota jua, mwili ulimchangamka. Alitafuta sababu katika vitabu vya tiba asiipate. Basi akaanza kuwachunguza viumbe wengine. Siku moja alimwona paka aliyekuwa akiota jua; kila kivuli kilipomkaribia, paka alisogea mbele kulifuata jua. Kwa Finsen, hilo halikuwa jambo la kuchekesha bali swali la kisayansi: ni nini kilichomo ndani ya mwanga ambacho mwili unakihitaji?

Mwaka wa 1893 aliacha kufundisha ili atafute jibu. Alianza na madhara ya mwanga. Alipendekeza wagonjwa wa ndui walazwe katika vyumba vilivyoruhusu mwanga mwekundu tu, ili miale mikali ya upande wa urujuani isizidishe makovu. Mbinu hiyo ilizua ubishi mwingi na haikudumu. Hata hivyo, ilimfikisha kwenye wazo la pili: ikiwa miale hiyo ina nguvu ya kudhuru, huenda nguvu iyo hiyo ikaelekezwa kwenye kiini cha maradhi.

Maradhi aliyoyachagua ni kifua kikuu cha ngozi. Ugonjwa huu ulishambulia zaidi uso, ukila pua, midomo na mashavu kwa miaka mingi. Waliougua walitengwa, na wengi walijificha wasionekane na watu. Matabibu wa wakati huo walikwangua au kuchoma ngozi, nao ugonjwa ukarejea. Mnamo Novemba 1895, Finsen alianza kumtibu mhandisi mmoja aliyekuwa amesumbuliwa kwa miaka kadhaa bila nafuu. Alitumia taa kali za umeme za kaboni katika kituo cha umeme cha Copenhagen. Kila siku aliukusanya mwanga kwa lenzi na kuuelekeza kwenye sehemu ndogo ya ngozi. Kwa kuwa damu huuzuia mwanga kupenya, ngozi ilibanwa kwa kioo ili damu iondoke, na maji yalitumiwa kupoza joto lisimchome mgonjwa. Kazi hiyo ilihitaji subira kubwa, lakini uso wa mhandisi yule ulipona.

Mwaka wa 1896 taasisi ya tiba ya mwanga ilianzishwa Copenhagen kwa ajili ya Finsen, na wagonjwa wakaanza kumiminika. Wauguzi walikaa nao saa nzima au zaidi kila siku, kwa miezi mingi, wakishikilia vioo juu ya nyuso. Mwaka wa 1900 taa zake zilifika katika Hospitali ya London kwa msaada wa Alexandra, bintimfalme wa Denmark aliyeolewa Uingereza.

Wakati sifa zake zikienea, mwili wake ulikuwa ukinyauka. Tuzo ya Nobel ilipotangazwa, Finsen alikuwa akitumia kiti cha magurudumu na hakuweza kusafiri kwenda Stockholm. Sehemu ya fedha za tuzo aliitoa kwa taasisi yake. Hakuacha kuchunguza: aligeukia ugonjwa wake mwenyewe, akapima vinywaji na vyakula alivyotumia, na mwaka wa 1904 akachapisha makala kuhusu kulimbikizana kwa chumvi mwilini. Alifariki tarehe 24 Septemba mwaka huo, akiwa na umri wa miaka 43. Aliagiza mwili wake upasuliwe ili ugonjwa uliomshinda ueleweke.

Finsen aliamini kwamba miale ya urujuani na urujuanimno ndiyo iliyoua bakteria moja kwa moja. Mwaka wa 2005 watafiti wa Denmark waliochunguza vifaa vyake walionyesha kuwa sehemu kubwa ya miale ya urujuanimno ilizuiwa na vifaa hivyo. Maelezo waliyoyatoa ni kwamba bakteria wa kifua kikuu hubeba kemikali ziitwazo porifirini. Mwanga unapozifikia, huifanya oksijeni kuwa kali kiasi cha kuwaua bakteria hao.

Kanuni hiyo ndiyo inayotumiwa leo kutibu mabaka yanayoletwa na jua na baadhi ya saratani za ngozi ambazo hazijapenya ndani. Mgonjwa hupakwa krimu, na seli zilizoharibika huigeuza kuwa porifirini kwa wingi kuliko seli zenye afya. Kisha huangaziwa taa, na seli hizo hufa. Si tiba ya kila saratani, na saratani iliyozama huhitaji njia nyingine. Lakini kwa wanaofaa kutibiwa hivyo, wakiwemo waliochomwa na jua maisha yao yote, mwanga hutengeneza ulichoharibu mwanga.

Finsen hakuijua kanuni hiyo. Alichokijua ni kile alichokiona: uso uliokuwa ukifichwa ukirudi hadharani. Kwake huo ulikuwa ushahidi wa kutosha wa kumfanya aamke kesho yake, licha ya maumivu, na kuwasha taa tena.