Carey Francis na Maana ya Kipeo

Kila matokeo ya mitihani yanapotangazwa, sisi wakazi wa Nyeri, Karatina na miji mingine iliyouzunguka Mlima Kenya hulalamika kwamba watoto wetu wameanguka hesabu. Hulaumiwa mwalimu, hulaumiwa serikali, na mara nyingine hulaumiwa mtoto mwenyewe kuwa ana kichwa kigumu. Leo naomba tumkumbuke mtu ambaye maisha yake yanatupa jibu tofauti: Edward Carey Francis.

Alizaliwa London mwaka 1897. Vita Kuu ya Kwanza ilimkuta kijana, akapigana Ufaransa katika kikosi cha mizinga. Aliporudi alisoma hisabati katika Chuo Kikuu cha Cambridge, akafaulu hata akawa mhadhiri huko huko, na akatunga kitabu cha mazoezi ya hisabati ya juu pamoja na J. E. Littlewood, mmoja wa wanahisabati wakubwa wa karne ya 20. Mwaka 1928 aliyaacha hayo yote, akaja Maseno kuwa mkuu wa shule ya misheni. Mwaka 1940 alihamia Alliance, mjini Kikuyu, akaiongoza hadi 1962. Alipostaafu hakurejea kwao, bali alikwenda kufundisha katika sekondari ya Pumwani, Nairobi. Alifariki mwaka 1966, bila mke wala mtoto.

Alliance ilianzishwa na muungano wa misheni za Kiprotestanti, na Waskoti wa Tumutumu, karibu na Karatina, walikuwa miongoni mwao. Ndiyo maana vijana wa mlima huu walifika mikononi mwake. Mmoja wao ni Duncan Ndegwa wa Nyeri, ambaye mwaka 1967 alikuwa Mkenya wa kwanza kushika ugavana wa Benki Kuu.

Wapo waliomwona mkali kupita kiasi, na wapo waliomlaumu kwa kuwapinga Mau Mau. Lawama hiyo ni nzito hapa Nyeri, alikozaliwa Dedan Kimathi, nami siipuuzi. Hata hivyo, katika Hali ya Hatari iliyotangazwa mwaka 1952, aliwakabili pia wakuu wa serikali kuhusu ukatili wa askari wao.

Ninalomsifia mimi ni jambo jingine. Enzi zile walikuwapo wakoloni wengi waliodai kwamba Mwafrika anatosheka na kazi za mikono. Francis, aliyekuwa amefundisha Cambridge, hakuona aibu kuketi akaandika vitabu vya hesabu za msingi kwa shule za Afrika Mashariki. Aliamini kwamba mtoto yeyote anastahili hisabati kamili.

Tuchukue mfano wa vipeo. Mtoto huambiwa kwamba namba yoyote isiyo sifuri, ikiwa na kipeo cha sifuri, ni moja. Hukariri leo, kesho amesahau. Lakini mwonyeshe kwamba 2 kwa kipeo cha 3 ni 2 mara 2 mara 2, yaani 8. Kwa kipeo cha 2 ni 4. Kwa kipeo cha 1 ni 2. Kila kipeo kipunguapo kwa moja, jibu hugawanywa kwa mbili. Basi kwa kipeo cha sifuri jibu halina budi kuwa 1, na kwa kipeo cha hasi moja litakuwa nusu. Aliyeelewa hivyo hana haja ya kukariri.

Wala hili si jambo la darasani tu. Mkulima wa kahawa anayengoja malipo hukopa shilingi 1,000 kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi, riba ikijumlishwa kwenye deni. Hudhani kwamba mwaka ukiisha atadaiwa asilimia 240 zaidi, yaani jumla ya shilingi 3,400. Kumbe kila mwezi deni zima huzidishwa kwa 1.2, na 1.2 kwa kipeo cha 12 hukaribia 8.92. Deni limefika shilingi 8,916! Hivyo ndivyo shamba la urithi linavyoweza kwenda kwa kutojua kipeo.

Kwa hiyo, ndugu wazazi na walimu, tusiridhike mtoto anapotaja kanuni bila kosa. Tumuulize sababu yake, naye asipoijua tuketi naye tuanze upya, kama alivyoketi mhadhiri yule wa Cambridge. Anayekopesha kwa riba amekwisha kuielewa hesabu yake. Ni haki anayekopa naye aielewe.