Seyyid Said, sultani aliyewaandikia barua marais wa Marekani

Kama unaishi Kitale, hii lazima umeisikia: inasimuliwa kwamba pale ilipo Kitale Club zamani palikuwa kituo cha misafara ya watumwa. Ukiwa Bungoma nako, wazee bado wanataja misafara ya watu wa pwani iliyopita ikienda Mumias na Mlima Elgon kutafuta pembe za ndovu. Lakini kuna swali ambalo wengi wetu hatuliulizi. Hizo pembe zilikuwa zinaenda kwa nani? Na zililipiwa na nini?

Jibu linaanzia Zanzibar, linavuka bahari mbili, na sehemu yake kubwa imo ndani ya barua. Mwenye barua hizo ni Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar, aliyefariki mwaka wa 1856. Shuleni tunamkumbuka kwa karafuu. Wachache wanajua kwamba jamaa huyu alikuwa akiandikiana na marais wa Marekani wakati ambapo Marekani yenyewe ilikuwa bado taifa changa.

Said alizaliwa mwaka wa 1791 kule Oman. Mwaka wa 1804 baba yake, Sultan bin Ahmad, aliuawa akiwa safarini baharini. Kijana alikuwa na miaka kama 13 tu. Binamu yake, Badr bin Saif, akashika hatamu kwa niaba ya watoto wa marehemu, ila ilionekana wazi kwamba hakuwa na nia ya kuziachilia. Shangazi yake Said, Bibi Moza, ndiye aliyemtia moyo achukue hatua. Mwaka wa 1806 Said alimuua Badr na kuwa mtawala kabla hajafikisha hata miaka 16. Ni mwanzo mkali, si wa kusifu. Unatuonyesha tu ni siasa za aina gani zilizomlea.

Tangu hapo alikuwa na shida moja kubwa. Alikuwa na bandari nyingi na merikebu nzuri, lakini hakuwa na jeshi kubwa la nchi kavu. Alizungukwa na maadui Arabuni, na baharini Waingereza walikuwa wakubwa kumliko. Mtu wa namna hiyo hawezi kuishi kwa kupigana kila siku. Said alijifunza kuishi kwa urafiki wa wakubwa: zawadi, mikataba na barua. Mfalme William wa Nne wa Uingereza alipewa naye manowari nzima yenye mizinga 74, iitwayo Liverpool. Naam, merikebu nzima kama zawadi! Waingereza wakaibadilisha jina ikawa Imaum.

Mapema mwaka wa 1828 Said alikuja Afrika Mashariki kwa mara ya kwanza, akikabiliana na Wamazrui waliokuwa wameshikilia Mombasa. Mji huo hakuuweka mkononi kabisa hadi 1837. Lakini safari hiyo ilimkutanisha na mtu ambaye angebadilisha mengi: mfanyabiashara Edmund Roberts, kutoka Portsmouth, New Hampshire. Roberts alikuwa amefika Zanzibar kuuza bidhaa na alikuwa na hasira. Alilalamika kwamba wafanyabiashara wa Marekani hawakutendewa sawa na Waingereza, kwa kuwa wenzao walikuwa na makubaliano na Said na wao hawakuwa na chochote.

Mtawala mwingine angemfukuza. Said alimsikiliza. Aliona nafasi, maana Marekani ilikuwa na merikebu na vitambaa, ilitaka pembe za ndovu, gundi ya sandarusi na ngozi, na haikuwa na koloni wala manowari za kumtisha katika Bahari ya Hindi. Yaani, alipata mteja tajiri asiyetaka kuwa bwana wake. Akamwonyesha Roberts kwamba yuko tayari kwa mkataba.

Roberts aliporudi kwao alianza kuandika. Alimwandikia Levi Woodbury, seneta wa jimbo lake, akimweleza faida ya biashara ya Zanzibar na Maskati. Woodbury baadaye akawa waziri wa jeshi la majini katika serikali ya Rais Andrew Jackson, na hapo barua zikazaa matunda. Jackson alimtuma Roberts kama mjumbe wake katika manowari iitwayo Peacock. Tarehe 21 Septemba 1833, mjini Maskati, mkataba ukatiwa saini. Waingereza, licha ya urafiki wao wa miaka mingi na Oman, walipata mkataba wao kamili wa biashara mwaka wa 1839. Wafaransa walifuata mwaka wa 1844. Marekani ilikuwa imewatangulia wote.

Ndani ya mkataba huo Wamarekani waliruhusiwa kufanya biashara katika bandari zote za Said, wakilipa ushuru wa asilimia 5 tu kwa bidhaa walizoshusha. Kuna kipengele kingine kinachomwonyesha Said vizuri zaidi. Roberts alitaka serikali yake igharamie mabaharia wa Marekani ambao merikebu yao ingevunjika katika pwani ya Said. Said alikataa. Mgeni aliyepata ajali, kwake yeye, halipishwi chakula. Akaweka ahadi kwamba gharama zote zitakuwa zake, kisha akamwandikia Jackson barua kuthibitisha urafiki huo.

Ahadi ilijaribiwa haraka. Mwaka wa 1835 Peacock ilirudi ikiwa na mkataba uliokubaliwa na serikali ya Marekani, lakini kabla ya kufika Maskati ikakwama karibu na kisiwa cha Masirah. Mabaharia walitupa baadhi ya mizinga majini ili chombo kiwe chepesi. Said alipopata habari alituma watu na vyakula. Baadaye mizinga ile iliopolewa na kurudishiwa wenyewe bila kudaiwa hata senti. Barua ya Said haikuwa maneno matupu, na Wamarekani wakalijua hilo.

Mwaka wa 1837 konsuli wa kwanza wa Marekani, Richard Waters wa mji wa Salem, alifika Zanzibar. Kufikia 1840 Said mwenyewe alikuwa ameshahamishia makao yake hapo. Na mwaka huohuo alifanya jambo lililowaacha watu wa New York midomo wazi.

Tarehe 30 Aprili 1840 merikebu ya Said iitwayo Sultana ilitia nanga New York. Ndani yake alikuwamo katibu wake, Ahmad bin Naaman, akiwa na barua ya Said kwa Rais Martin Van Buren. Walikuwamo pia farasi wawili wa Kiarabu, lulu, zulia, manukato, shali za Kashmiri na upanga uliopambwa kwa dhahabu. Shehena ya biashara ilikuwa na pembe za ndovu, karafuu, kahawa, tende na ngozi. Mjumbe wa Kiarabu kama Ahmad alikuwa jambo geni sana New York. Watu walijazana bandarini kumwangalia, na mchoraji Edward Mooney akamchora picha akiwa na kilemba na joho lake. Picha hiyo ipo hadi leo.

Zawadi zile zilimtia Van Buren katika shida. Katiba ya Marekani inamkataza kiongozi kupokea zawadi ya mfalme wa kigeni bila idhini ya Bunge. Kuzirudisha nako kungekuwa ni kumtukana Said. Wabunge walilijadili, na mwishowe zawadi zikapokewa kwa niaba ya serikali, si za rais mwenyewe. Farasi waliuzwa. Marekani ilimrudishia Said zawadi zake na kuikarabati Sultana kwa gharama ya serikali katika karakana ya jeshi la majini. Mwezi wa Agosti merikebu iling'oa nanga kurudi nyumbani.

Sasa tazama ilichobeba ikirudi: vitambaa vya pamba vya Marekani, bunduki, baruti, vioo na vyombo vya udongo. Kitambaa hicho ndicho pwani walichokiita merekani, na hapo ndipo hadithi inapoanza kupanda mlima kuja huku kwetu.

Merekani kilikuwa kitambaa kizito, kisichopakwa rangi, na watu wa bara walikipenda kwa sababu kilidumu. Kikawa kama pesa. Msafara uliotoka pwani ulibeba merekani, shanga na nyaya za shaba, ukalipa hongo kwa machifu, ukanunua chakula, na mwishowe ukanunua pembe. Miaka mingi baada ya Said kufariki, misafara ya Waswahili na Waarabu ilikuwa imefika Mumias na Elgon. Mzungu Joseph Thomson alipopita upande huu mwishoni mwa 1883, akiyaona mapango ya Elgon, hakufungua njia mpya kama vitabu vya zamani vilivyodai. Aliongozwa na watu wa pwani waliojua njia, akilipa kwa bidhaa zilezile.

Na bei ya kweli? Pembe haitembei yenyewe. Mtu aliibeba kichwani wiki nyingi hadi pwani. Wapagazi wengi walilipwa, lakini wengine walikuwa watumwa, nao waliuzwa pamoja na mzigo wao. Mashamba ya karafuu Unguja na Pemba, ambayo Said aliyasukuma kwa nguvu hadi Zanzibar ikawa maarufu duniani, yalilimwa na watumwa. Upande wa pili wa bahari, viwanda vya Massachusetts vilivyofuma merekani vilinunua pamba ya majimbo ya kusini, iliyochumwa na watumwa wenye asili ya Afrika. Fikiria hilo kidogo. Kitambaa kilichotokana na jasho la Mwafrika aliyetekwa kilikuja kununua pembe zilizobebwa na Mwafrika mwingine aliyetekwa. Katikati yao walikaa watu wawili wenye kalamu, wakisalimiana kwa heshima kubwa.

Said hakuwa kipofu kuhusu suala hili, kwa sababu Waingereza hawakumwacha alale. Mwaka wa 1822 alikubali mkataba wa kuzuia watumwa kuuzwa kwa nchi za Kikristo. Mwaka wa 1845 alikubali mwingine, uliofikiwa na konsuli Atkins Hamerton, wa kuzuia watumwa wasipelekwe Arabuni kutoka milki zake za Afrika. Ulianza kutumika mwaka wa 1847. Ila utumwa ndani ya milki zake uliachwa kama ulivyo. Kila mkataba ulimpunguzia mapato na nguvu, na alitia saini kwa sababu alihitaji urafiki wa London kuliko alivyohitaji ushuru huo. Hapo ndipo tunaona upande wa pili wa siasa ya barua: ukiishi kwa urafiki wa wakubwa, siku moja watakuja kudai.

Said alifariki tarehe 19 Oktoba 1856 karibu na visiwa vya Shelisheli, akiwa ndani ya merikebu yake Victoria, akirudi Zanzibar kutoka Maskati. Wanawe waligombania urithi. Majid alibaki na Zanzibar, Thuwaini akabaki na Oman, na mwaka wa 1861 Waingereza ndio walioamua kwamba milki igawanywe mara mbili. Mwaka huohuo vita vya wenyewe kwa wenyewe vilianza Marekani, pamba ikaadimika, na merekani ya Salem ikapoteza soko lake. Urafiki uliojengwa kwa barua na zawadi ulififia ndani ya miaka michache.

Tumkumbukeje basi? Si haki kumfanya malaika, na si kweli kumfanya mjinga aliyedanganywa na Wazungu. Alikuwa mwanasiasa hodari aliyelazimisha mataifa makubwa yamwandikie kama mwenzao, kwa miaka 50, bila jeshi kubwa. Ukitafuta mfano wa mtawala wa ukanda huu aliyeelewa diplomasia mapema, huyu hapa.

Lakini barua zake zinahifadhi sauti za watu wachache tu. Tunajua farasi wa Van Buren walikuwa wangapi. Tunajua Ahmad bin Naaman alivaa nini akichorwa. Hatuna jina hata moja la mbebaji wa pembe zilizokuwa ndani ya Sultana. Hakuna aliyemwandikia rais kwa niaba yake. Kilichobaki kwa upande wake ni masimulizi: majina ya mahali, nyimbo, hadithi za mapango na za mawe, na hayo yote yako vichwani mwa wazee wa Kitale, Kimilili, Webuye na Chwele, ambao kila mwaka wanapungua. Simu uliyo nayo mkononi inarekodi sauti. Said alikuwa na katibu wa kumwandikia. Babu na nyanya zetu wana sisi.