Okot p'Bitek na Makali ya Wahakiki

Atokaye Kericho akielekea Litein na hatimaye Bomet huyaona mashamba ya chai yametandazwa vilimani kama zulia. Lakini hapa na pale hukutana na kipande kisicho na jani hata moja, visiki vitupu vilivyokatwa kwa panga kali. Mgeni hudhani shamba limeangamizwa. Mkulima ajua kwamba mchai usiopogolewa kila baada ya miaka michache hurefuka ovyo, ukampita mchumaji kimo, na machipukizi yake yakapungua.

Nimevikumbuka visiki hivyo kwa sababu ya manung'uniko yasikikayo kila tamasha za michezo ya kuigiza zimalizikapo. Walimu na wanafunzi hulalamika kwamba waamuzi wana ndimi kali na wanawavunja moyo chipukizi. Kwao nayaleta maisha ya marehemu Okot p'Bitek.

Okot alizaliwa Gulu, kaskazini mwa Uganda, mwaka 1931. Alikuwa mwalimu na mcheza kandanda hodari. Mwaka 1953 alichapisha riwaya yake ya kwanza, Lak Tar, kwa Kiacholi. Miaka mitatu baadaye alikuwa na shairi refu kwa lugha iyo hiyo, nalo wachapishaji wakalikataa. Mwaka huo wa 1956 alikwenda Uingereza pamoja na timu ya taifa ya Uganda, akabaki huko kusomea ualimu, sheria na elimu ya jamii na mila zake. Shairi lililokataliwa hakulitupa. Alilirudia, akaliandika upya, kisha akalifasiri kwa Kiingereza.

Mwaka 1965 Taban lo Liyong, aliyekuwa masomoni Marekani, alichapisha makala akilalamikia ukame wa fasihi katika Afrika Mashariki. Makala hayo yaliwachoma wengi. Mwaka uliofuata, 1966, shairi la Okot lilitolewa mjini Nairobi kwa jina la Song of Lawino, likasifiwa kotekote. Sidai kwamba shutuma za Taban ndizo zilizolizaa, kwani lilikuwa limekwisha tungwa. Na Taban mwenyewe hakuridhika nalo. Alishikilia kwamba tafsiri ile ilikuwa nyepesi, na kwamba uzito wa Kiacholi ulikuwa umepotea njiani.

Okot hakuitupa kalamu. Alipopoteza wadhifa wake wa kuongoza kituo cha utamaduni cha Uganda, alihamia Kisumu, chini ya kilomita 100 kutoka Kericho yetu, akawa mkufunzi wa elimu ya watu wazima na kuandaa tamasha ya sanaa mwaka 1968. Mwaka 1970 Chuo Kikuu cha Oxford kiliikataa tasnifu yake ya udaktari. Mwaka 1971 alitoa kitabu juu ya dini ya Waluo wa Kati, na mwaka uo huo mashairi yake mawili marefu yakachapishwa pamoja, yakamletea Tuzo ya Jomo Kenyatta mwaka 1972. Yeye naye hakuwa mpole. Aliwashambulia wataalamu wa Kizungu walioandika juu ya dini za Kiafrika, wala hakumsaza msomi mwenzake John Mbiti. Alifariki Kampala mwaka 1982.

Je, Okot aliukubali kila ukali? La hasha. Tafsiri yake aliiacha kama ilivyo. Lakini tumtazame mhakiki wake pia. Taban alikijua Kiacholi, na hakuishia kulaumu. Mwaka 2001, miaka 19 baada ya kifo cha Okot, alichapisha tafsiri yake mwenyewe ya shairi lile. Alijitwika kazi ile ile aliyomkosoa mwenziwe.

Hiki ndicho kipimo ninachowapa walimu wa Kericho na Bomet. Mpogoaji ajua akate kwa kimo gani. Asiyejua hukata hadi shinani, na mche hukauka. Mwalimu anayeandika neno moja la kejeli chini ya insha hajapogoa, ameua. Lakini yule anayesifu kila insha ili mtoto asinune naye anaudhuru mche, kwani mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Onyesha sentensi iliyolegea, eleza kwa nini imelegea, kisha mrudishie mwanafunzi karatasi aandike tena. Nawe mwanafunzi, ukirudishiwa karatasi iliyojaa wino mwekundu, usiichane. Kaa chini uanze upya, kama Okot alivyofanya kwa shairi lililokataliwa.