Blaise Pascal na fasili inayojizunguka

Katika kazi yangu ya kumaliza masomo niliandika kwamba kitenzi ni neno linalotaja tendo. Ukurasa wa pili nikaeleza kwamba tendo ni lile linalotajwa na kitenzi. Profesa aliyenisimamia alizichora sentensi hizo kwa kalamu nyekundu, akaniagiza nisome maisha ya Blaise Pascal. Nilinung'unika: mtu wa hesabu anahusu nini sarufi yetu?

Pascal alizaliwa Clermont, Ufaransa, mwaka 1623. Mama yake alifariki yeye akiwa mtoto mdogo, na baba yake akamfundisha nyumbani. Baba alipopewa kazi ya kodi mjini Rouen, kijana akaanza, mwaka 1642, kuunda mashine ya kujumlisha ili kumpunguzia mzigo wa mahesabu.

Mwaka 1647 alichapisha majaribio yake juu ya ombwe, yaani mahali pasipo na kitu chochote. Padri Mjesuiti, Étienne Noël, alimwandikia kumpinga, na katika barua yake akafasili mwanga kuwa ni mwendo wa kimwanga wa vitu vyenye mwanga. Pascal alimjibu kwa heshima, lakini bila kuyumba: neno linalofasiliwa halirudi ndani ya fasili yake. Mwaka 1648 shemeji yake, Florin Périer, alipanda mlima Puy de Dôme na mrija wa zebaki. Kileleni zebaki ilisimama chini kuliko bondeni. Hapo ubishi ulipimwa kwa macho, si kwa maneno yanayozunguka.

Baadaye Pascal aliandika kanuni nyepesi: weka fasili mahali pa neno, uone kinachobaki. Alikiri pia kwamba maneno mengine hayafasiliki. Anayetaka kueleza "kuwa" ni nini, lazima atumie "ni", na tayari amerudi alikoanzia. Alifariki Paris mwaka 1662, akiwa na miaka 39.

Niliijaribu kanuni hiyo kwenye kazi yangu. Nilipata hivi: kitenzi ni neno linalotaja lile linalotajwa na kitenzi. Niliona haya. Nikaanza upya kutoka viambishi vya nafsi na vya wakati, ambavyo msomaji anaviona ndani ya neno lenyewe: a-na-soma, tu-li-imba. Sura nzima ikabadilika, na siku ya kuitetea kazi sikuogopa swali la kwanza.